Kodi ya Gari Lisilozeeka

Hadithi hii ilitakiwa ianze na hapo zamani za kale. Lakini katika Jamhuri ya Ustawini neno "zamani" lina faini na neno "kale" lina kifungo, nami ni mtu mwenye familia. Kwa hiyo tuseme tu kwamba ilikuwa juzijuzi, asubuhi, na jua lilikuwa jipya kama kawaida yake.

Siku hiyo Mlezi Mkuu wa Taifa alikuwa anasherehekea kuzaliwa kwake. Umri wake haukutajwa. Keki ilikuwa na mshumaa mmoja ili kuepusha fitina. Mtoto wa shule, aliyekuwa amefundishwa kutoa maua na kupiga goti, akatoa maua, akapiga goti, kisha akaongeza la kwake mwenyewe: "Shikamoo, babu."

Mlezi Mkuu hakuitika. Aliingia ndani na maua yake, na keki ikabaki na wanajeshi. Jioni redio ikatangaza Amri ya Upya: kuanzia leo, ndani ya mipaka ya Ustawini, hakuna kitu kinachozeeka. Mwalimu wa yule mtoto alihamishiwa kisiwa ambacho hakikuwa na shule.

Kwa hakika ilikuwa amri nzuri sana. Wazee wote walipandishwa cheo wakawa vijana wa muda mrefu. Vikongwe wakawa mabinti wa muda mrefu. Nguo za mitumba zikawa nguo zenye uzoefu, na mkate wa juzi ukaitwa mkate uliotulia. Daraja la mto Kiriri, ambalo lilikuwa likipoteza mbao kila masika, likatangazwa kuwa daraja linaloendelea kujengwa. Kiinua mgongo kilifutwa, kwa kuwa migongo yote sasa ilihesabika imenyooka. "Shikamoo" ilipigwa marufuku, maana anayeipokea anakuwa amekiri kosa. Badala yake watu walitakiwa kusalimiana "Mambo?" na kujibu "Mapya!" Ungemkuta mjukuu anamsalimia bibi yake mwenye mkongojo, "Mambo?" na bibi anajibu, "Mapya," huku anatafuta pa kukalia.

Wananchi walipiga makofi, maana makofi hayakuwa na kodi. Waliopiga kwa nguvu kuliko wote walikuwa watu wa Hazina, ila wakati huo hakuna aliyejiuliza kwa nini.

*

Ng'ambo ya mto, katika kata ya Kigongoni, aliishi mkunga aitwaye Stamili Mbwilo. Alikuwa amezalisha nusu ya kata ile, na nusu iliyobaki alikuwa ameizalishia watoto. Zahanati aliyokuwa akifanyia kazi ilikuwa imefungwa. Serikali ilisema haijafungwa, inapumzika. Hospitali ilikuwa mjini, upande wa pili wa lile daraja linaloendelea kujengwa, na mtu aliyeshikwa na uchungu Kigongoni alikwenda huko juu ya kitanda, kimebebwa mabegani na wanaume.

Masika yaliyopita walimbeba hivyo Mwanahija, mke wa mfyatua-tofali mmoja pale kijijini. Mvua ilikuwa inanyesha, wanaume wanateleza, na Stamili anatembea kando ameshika ubao wa kitanda kama vile akiuachia mambo yatamwagika. Walifika hospitali. Mwanahija alifika. Mtoto hakufika.

Stamili hakulia hospitalini. Aliporudi hakupita kwake hata kubadili nguo. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake Ndolwa, dereva aliyestaafu kabla kustaafu hakujafutwa, mwenye macho yaliyoingia ukungu. Uani kwa Ndolwa palikuwa na pikapu. Kuku walikuwa wametagia nyuma.

"Unaliuza?"

"Hilo?" Ndolwa akaligeukia gari kwa kukisia. "Dada, naona haya kukuuzia wewe. Nimebebea soda, nikabebea mkaa, mwisho nikabebea majeneza. Liache life kwa heshima."

"Sijakuuliza haya zako. Nimekuuliza bei."

Wakakubaliana bei ya ng'ombe mmoja na ndama wake. Wanawake wa Kigongoni walichanga: huyu aliuza mbuzi, yule akavunja kibubu, Mwanahija akaleta pesa aliyokuwa amewekea kitanda cha mtoto, akaiweka mezani. Ndolwa akawahamisha kuku.

Niseme ukweli kuhusu gari lile, maana liko mbali na redio. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani. Honi ililia yenyewe kila lilipokata kona kulia. Ukikanyaga breki ulitakiwa uwe umeshaanza kuikanyaga kitambo. Lakini injini ilikuwa na roho. Stamili alipoliwasha mara ya kwanza lilikohoa, likatema moshi, likanguruma, na wanawake wote wakapiga vigelegele kama wamepokea bwana harusi.

"Sasa nakwenda mjini kulipa kodi ya mauzo," akasema Stamili, "kadi iandikwe jina langu. Sitaki kusimamishwa njiani nina mtu ana uchungu, niambiwe gari si langu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa: mtu aliyeamini kwamba ukilipa unachodaiwa, unaachwa. Ustawini kulikuwa bado na watu wa aina hiyo.

*

Ofisi ya Mamlaka ya Mapato Mapya haikuwa mjini hasa. Ilijengwa upande wa Kigongoni, hatua chache kabla ya daraja, ili mtu asipate kuvuka kabla ya kulipa. Mkadiriaji Mkuu wa Vyombo alikuwa Bwana Gervas Pundugu, mtu mwenye suti ya rangi ya maziwa na viatu vinavyolia kila akikanyaga, kuthibitisha upya wao.

"Mambo, binti!" akasema.

"Baba, mimi nina wajukuu."

"Usilitangaze hilo hapa, binti," Pundugu akashusha sauti. Kisha akaipandisha tena. "Umeleta chombo?"

Wakatoka nje. Sheria ilimtaka mkadiriaji akague gari akiwa amefumba macho, kwa sababu macho yalikuwa yameshawahi kuona mambo yanayopingana na Amri. Pundugu akafumba. Akalizunguka gari kwa kulipapasa, akagonga goti kwenye bampa, akanusa kwenye dirisha, akapata harufu ya kuku, akatabasamu.

"Jipya!" akatangaza.

"Baba, fumbua macho."

"Jipya kabisa. Harufu yenyewe ya kiwandani. Sasa kodi yako ya mauzo ni hii hapa," akaiandika kwa kidole kwenye vumbi la boneti, na kwa kweli vumbi lilimtosha.

Stamili akasoma. Akasoma tena.

"Hii inazidi bei niliyonunulia gari."

"Kwa sababu umelinunua kwa bei isiyo halali. Gari jipya linauzwa bei ya gari jipya. Wewe na huyo aliyekuuzia mmepatana kana kwamba limefanya nini? Kana kwamba lime..." Alitafuta neno, akaliona, akalikwepa. "Kana kwamba limepatwa na muda."

"Tuseme nimenunua ng'ombe mkongwe..."

"Binti!"

"Tuseme nimenunua ng'ombe. Natakiwa nikulipe wewe ng'ombe wawili kwa kumnunua huyo mmoja?"

"Vizuri, unaelewa haraka. Wengine inabidi tuwachoree."

Stamili akafungua fundo la khanga yake. Akatoa pesa, akaziweka juu ya boneti, juu ya zile tarakimu za vumbi.

"Hii ni kodi ya bei niliyonunulia. Nimekuja nayo toka nyumbani, nimeihesabu na mashahidi. Ipokee."

"Na iliyobaki?"

"Iliyobaki ni kodi ya gari ambalo halipo. Hiyo silipi."

Neno hilo lilisikika mpaka ndani. Mashine za kuchapa zikanyamaza. Makarani wakachungulia dirishani, wengine wakasimama kwenye viti ili waone vizuri, kwa maana neno "silipi" walikuwa wanalijua kama watu wa bara wanavyomjua nyangumi: wamesikia kwamba yupo.

"Umesemaje?"

"Silipi."

Pundugu akavuta pumzi, suti ikajaa. "Kwa mamlaka niliyopewa na Mlezi Mkuu, kijana wa vijana, nalizuia gari hili pamoja na vyote vilivyomo ndani yake, mpaka kodi itakapolipwa!"

Stamili akachukua pesa zake, akafungua mlango wa dereva, akapanda, akaketi, akaufunga.

"Haya," akasema kupitia dirishani. "Na mimi nimo ndani yake."

*

Uwanja wa mali zilizozuiliwa ulikuwa nyuma ya ofisi. Humo mlikuwa na pikipiki zilizoota kutu, zote mpya. Mlikuwa na trekta jipya ambalo mpapai umeota katikati yake na kuzaa. Mlikuwa na basi jipya lisilo na viti, vioo wala magurudumu, ambamo popo walikuwa wanaishi bila kulipa chochote, na mimi sijasikia wakidaiwa.

Pikapu ilisukumwa mpaka hapo na walinzi, Stamili akiwa kwenye usukani, akiwaelekeza. "Kushoto kidogo. Hapo kuna shimo, mtavunja ekseli mpya ya Serikali."

Pundugu aliamuru ashushwe. Mlinzi mkuu, jina lake Shomvi, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, akakuna kichwa. "Mkuu, umezuia gari na vyote vilivyomo. Tukimtoa, tumetoa mali iliyozuiliwa. Hilo ni kosa, na tunaolinda ndio tutakaofungwa."

Ikabidi waulize wizara. Wizara ikajibu kwamba Shomvi amesema kweli, na kwamba kwa kuwa mali iliyozuiliwa ni dhamana ya Serikali, isiachwe iharibike. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo Mamlaka ya Mapato Mapya ililazimika kumpa Stamili chai ya asubuhi, ubwabwa wa mchana na neti ya mbu.

Pundugu alifikiri Stamili atachoka. Kila asubuhi alisimama na kipaza sauti katikati ya uwanja, ingawa walikuwa karibu kiasi cha kupeana chumvi.

"Wananchi wapya wa Ustawini! Mbele yenu yuko binti mmoja anayetaka kulirudisha taifa nyuma! Leo anasema gari lake limepatwa na muda. Kesho atasema daraja limepatwa na muda. Keshokutwa, wapendwa, atasema nani amepatwa na muda? Nani?"

Walinzi waliinamisha vichwa. Kila mmoja alikuwa anamfikiria mtu huyohuyo.

"Ukimaliza, baba," Stamili akamjibu siku moja, "niletee maji ya moto. Nina wagonjwa."

Maana wanawake wa Kigongoni walikuwa wameshajua alipo. Mwanzoni walimletea uji. Kisha mjamzito mmoja akamwonyesha tumbo pale dirishani, Stamili akamwambia apande nyuma, wakatundika khanga kuwa pazia, akampima. Kesho yake wakaja wengine. Baada ya muda asubuhi haikupita bila foleni ya matumbo kupanga pale kando ya trekta, na walinzi wakawa wanawapangia zamu na kuwachumia mapapai. Shomvi mwenyewe alisogea siku moja, akaongea akiangalia pembeni.

"Mkubwa... yaani, binti. Mke wangu miguu inamvimba. Ni kawaida?"

"Mlete nimwone. Na chumvi apunguze."

Ila nisiseme kwamba hakuwahi kuyumba. Jioni moja Ndolwa alikuja, akipapasa ukuta wa uwanja mpaka akalifikia gari lake la zamani, akaligusa kwenye taa kama mtu anavyomgusa mtoto shavuni.

"Dada Stamili, nirudishie gari. Nami nakurudishia pesa yako yote. Wao watabaki hawana wa kumdai."

Mgongo ulikuwa unamuuma Stamili, miguu imejaa maji, na alikuwa amekumbuka kitanda chake. Ingekuwa rahisi. Angeshuka, angekwenda kuoga, na hakuna mtu Kigongoni ambaye angemlaumu.

"Na masika yakija," akasema, "tutawabebea juu ya noti?"

Ndolwa akaondoa mkono kwenye taa.

"Wameninyima barabara, nikanyamaza. Wamefunga zahanati, nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka mtoto wa Mwanahija akafia njiani, na mimi nimeshika ubao. Sasa nimepata sauti, wanataka niiuze. Nenda nyumbani, kaka. Mimi nipo hapa."

Ndolwa akaenda. Stamili akashusha neti, akalia kidogo, akalala.

*

Masika yakaja kama yanavyokuja hata katika nchi zisizozeeka. Mchana mmoja, mvua imeshika kisawasawa, yule mfyatua-tofali akaingia uwanjani akisukuma mkokoteni. Ndani yake alikuwa Mwanahija, amelala juu ya magunia, amejifunika gunia jingine. Tumbo lake lilikuwa la mwezi wa mwisho na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwishapita njia hiyo.

"Mama Stamili," akasema. "Si kama ile. Nakuomba isiwe kama ile."

Stamili akamshika tumbo, akamsikiliza, akamwangalia mumewe. "Mpandisheni nyuma. Twende hospitali sasa hivi." Akawasha gari. Likakohoa, likanguruma. Shomvi alikuwa ameshaanza kukimbilia geti.

"Simama!"

Pundugu alikuwa amesimama mbele ya geti na mwavuli wake mweusi, suti ya maziwa imerukiwa na tope magotini. "Gari haliondoki bila kodi!"

"Mtu anajifungua!" Shomvi akamwambia, na sauti yake ndogo ikawa kubwa ghafla.

"Nami ninasikitika sana! Lakini nikifungua geti hili bila kodi, kesho nitafunguliwa geti jingine mimi." Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa, na ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akiwa hivyo. "Alipe tu. Alipe, aende."

Nyuma ya gari Mwanahija akapiga ukelele ambao ulimaliza mabishano. Stamili akazima injini, akaruka chini, akachungulia.

"Hatufiki," akasema. "Anakuja hapahapa. Shomvi, turubai! Ninyi wawili, shikeni pembe zile. Baba mtoto, kaa kichwani, mshike mikono, ukizimia zimia upande ule. Wewe!"

Pundugu akajionyesha kidole kifuani.

"Wewe, ndiyo. Leta huo mwavuli. Turubai limetoboka."

Sijui ni kwa nini alitii. Labda ilikuwa ile sauti. Nusu ya kata ilikuwa imezaliwa ikiisikia hiyo kwanza. Alipanda nyuma ya pikapu na viatu vyake vinavyolia, akapiga magoti kwenye mabati, akaushika mwavuli juu ya Mwanahija huku maji yanamwingia shingoni. Mvua ilipiga turubai. Walinzi walishika pembe, nyuso zimegeukia nje, wakimwomba Mungu kwa majina yote waliyoyajua.

"Sukuma. Pumua. Usipige kelele, nguvu ipeleke chini. Vizuri, mwanangu. Tena."

Mtoto akatoka. Akatoka bila sauti.

Stamili alimgeuza, akamsafisha kinywa kwa kidole, akamsugua mgongo kwa khanga, akampiga kofi kwenye nyayo. Hakuna. Mwanahija aliinua kichwa akauliza kwa macho. Stamili akasugua tena, kwa haraka, meno yameuma mdomo, akampulizia pumzi kidogo puani, akasugua.

Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia, kwa hasira ya mtu aliyecheleweshwa njiani.

Mfyatua-tofali hakuzimia, alilia mpaka mabega yakatikisika. Stamili akakata kitovu. Lakini damu ya mama ilikuwa nyingi kuliko alivyopenda na kondo la nyuma lilikuwa bado, na alihitaji mikono yote miwili. Akamfunga mtoto kwenye khanga na kumweka kwenye mikono iliyokuwa karibu. Ilikuwa mikono ya Mkadiriaji Mkuu wa Vyombo. Mwavuli ulianguka.

Pundugu akamtazama mtoto. Kwa mazoea alianza kufumba macho, lakini kile kitu kilikuwa kinamwangalia. Kilikuwa na paji la uso lililokunjamana, mashavu yaliyolegea, kipara chenye nywele mbili tatu za pembeni, na uso wa mtu aliyekaa barazani miaka mingi akiona mambo asiyoyapenda.

"Yaa Rabi," akasema Mkadiriaji Mkuu, kwa sauti iliyosikika mpaka dirisha la makarani. "Mbona kazee hivi!"

Walinzi walitazamana juu ya turubai. Neno lilikuwa limetamkwa ndani ya uwanja wa Serikali, na afisa wa Serikali, tena akimtazama kiumbe kipya kuliko vyote Ustawini.

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Mwanahija, hoi hivyohivyo, amelala kwenye mabati. "Eti kazee," akasema. "Kazee kangu." Akacheka tena, na machozi yakamtoka, na Shomvi naye akacheka, na pembe ya turubai ikamponyoka maji yakamwagikia wote, wakazidi kucheka.

"Wote huanza hivyo," Stamili akasema bila kuinua kichwa. "Hujawahi kumshika wa kwako?"

"Nilikuwa kazini," akasema Pundugu. Hakucheka. Alikuwa bado anamtazama mtoto. "Baba yangu ana uso huuhuu. Wiki iliyopita walimpeleka kwenye gwaride la vijana. Alianguka jukwaani. Mimi... mimi nilipiga makofi." Akamgeukia yule mwanamke mwenye damu mikononi na mvi zilizolowa. "Shikamoo, mama."

Ilikuwa imepita miaka tangu Stamili asikie neno hilo mchana kweupe.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka. Alikuwa anamkanda mama tumbo. "Huyu lazima afike hospitali. Sasa niambie. Macho yako yako wazi?"

"Yako wazi."

"Gari hili likoje?"

Pundugu akaangalia. Akaangalia kamba ya katani, kiti kilichomwaga sponji, mabati yenye matundu ambayo mvua ilikuwa inatokea upande wa pili.

"Kuukuu," akasema, polepole, kama mtu anayeonja. "Ni kuukuu, mama. Kuukuu kabisa. Bovu. Sijui linatembeaje." Akavuta pumzi, na safari hii suti haikujaa, bali yeye. "Kodi yake ni ileile uliyokuja nayo."

Akaipokea hapohapo, imelowa, akampigia mhuri kadi juu ya goti lake.

"Fungua geti," akamwambia Shomvi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Mlinzi aliyetumwa kuangalia daraja alirudi mbio: mto ulikuwa umechukua mbao za katikati, na pengo lilikuwa kubwa kuliko gari. Watu wakatazamana. Shomvi akaligeukia lile geti, geti la chuma la Mamlaka ya Mapato Mapya, pana, zito, lenye nembo ya Taifa iliyochomelewa katikati.

"Mkuu," akauliza, "hili geti nalo ni la kufungua tu?"

Pundugu alikuwa ameshavua koti. "Ling'oe," akasema.

Wakaling'oa kwenye bawaba, walinzi na makarani pamoja, wakalibeba mabegani mvuani mpaka mtoni, wakalilaza juu ya pengo. Stamili akaja na gari taratibu, Mwanahija na mtoto wake nyuma, mumewe amewakumbatia wote wawili. Honi ikalia yenyewe kwenye kona. Magurudumu yakapanda juu ya nembo ya Taifa, chuma kikalalamika, gari likapita.

Mama alifika. Na mtoto alifika.

*

Redio haikusema lolote, kwa hiyo nchi nzima ikajua. Pundugu alishtakiwa kwa kosa la kuzeesha hadharani. Mahakamani hakimu, kijana wa muda mrefu sana, alimuuliza kama anajuta. Pundugu akasema, "Shikamoo, mheshimiwa," na hakimu, kabla hajajizuia, akaitika. Kesi ikaahirishwa, na mpaka leo haijarudi. Pundugu sasa anakaa nyumbani na baba yake, wanacheza bao, na mzee anamfunga.

Kigongoni watu walianza kusalimiana kwa sauti ya juu sokoni. Vijana walitoa shikamoo kwa yeyote mwenye unywele mmoja mweupe, na wenye mvi wakaitikia kwa kuivuta mpaka mwisho: "Maraha-baa!" Geti halikurudishwa. Kila lililovuka mto lilivuka juu yake, na ofisi ya Mamlaka, kwa kuwa ilikuwa haina geti, haikuweza tena kumzuia mtu.

Haikupita muda Serikali ikamtuma mkadiriaji mwingine, mtu wa makao makuu, na mkoba wa ngozi. Alifika kwa Stamili asubuhi akiwa na agizo la kulikadiria upya gari, kwa macho yaliyofumbwa kisheria. Akakuta gari halipo, limepeleka mtu hospitali, Ndolwa akiwa ameketi kando ya kijana wa kijijini anayeliendesha, akimwambia kwa kusikiliza tu ni wapi abadili gea. Mbele ya nyumba palikuwa na benchi, na juu ya benchi wamekaa wajawazito.

Stamili alitoka akijifuta mikono.

"Nimetumwa na Serikali," akasema mgeni.

"Una uchungu?"

"Sina... Samahani?"

"Nakuuliza, una uchungu?"

"Sina uchungu wowote, mama. Mimi ni mkadiriaji."

"Basi kaa hapo mwisho. Hapa wenye uchungu kwanza."

"Mama, pengine hujanielewa. Hili ni agizo la Mlezi Mkuu mwenyewe!"

"Nimekuelewa, mwanangu. Ana uchungu yeye?"

Wanawake wakamtazama, wote, mikono juu ya matumbo. Mgeni akatafuta sheria inayohusu hali ile, hakuipata. Akakaa. Akaweka mkoba mapajani.

Akaingia wa kwanza, akatoka. Kabla mgeni hajasimama akaja mwingine kutoka njiani, anahema, ameshika kiuno. Wanawake wakamwonyesha benchi.

"Sogea, baba," wakamwambia mgeni.

Akasogea. Akaja mwingine tena, huyu na dada yake.

"Sogea, baba."

Akasogea. Jua lilipanda. Kigongoni, kwa neema ya Mungu, hawaachi kuzaa. Waliendelea kuja, wanne, watano, na kila aliyekuja alikuwa na haki ya kukaa kuliko yeye. Alisogea na mkoba wake, akasogea na agizo lake, akakalia ubavu mmoja, akashika mguu wa benchi kwa mkono. Kisha akatokea mke wa Shomvi, miguu imevimba, anatembea polepole.

"Sogea, baba," wakasema wote kwa pamoja.

Akasogea, na hapo benchi likaisha.